Maswali ya Wasomaji: Hukumu ya Jaji Lugakingira tuifundisheje?

Barua za toleo hili zinazunguka jambo moja: hukumu kubwa zilizotoka Mahakama Kuu ya Dodoma miaka ya tisini, na namna ya kuwafikishia watu ambao walikuwa hawajazaliwa zilipotolewa. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, kulingana na uzito wa swali.

Sisi ni kikundi cha vijana wa Dodoma mjini. Tunataka kumuenzi Jaji Kahwa Lugakingira kwa hukumu yake katika kesi ya Mchungaji Mtikila, mwanasiasa aliyeishtaki Serikali kutetea haki za Katiba. Baadhi yetu wanapendekeza bonanza la mpira lenye jina lake, wengine fulana zenye picha yake. Tuanzie wapi?
*Kikundi cha vijana, Area C*

Anzeni kwa kuisoma hukumu yenyewe, nyote, kabla ya kuchapa fulana hata moja. Alichotuachia jaji ni hoja, na hoja isiposomwa hufa, hata kama jina lake limeandikwa kwenye kombe.

Kesi ni Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Shauri la Madai Na. 5 la 1993, na hukumu ilitolewa Dodoma tarehe 24 Oktoba 1994. Imo katika juzuu la mwaka 1995 la ripoti za sheria za Tanzania, ukurasa wa 31. Hukumu nyingi za mahakama zetu husomwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, na maktaba za vyuo vinavyofundisha sheria huweka ripoti hizo. Mkienda kuuliza, nendeni na namba ya shauri na mwaka wake. Ukimwambia mtunza maktaba "ile kesi ya Mtikila", atakuuliza ipi, maana Mtikila alifungua zaidi ya moja.

Mkiisoma, tafuteni mambo matatu. La kwanza ni nani anaruhusiwa kusimama mahakamani. Serikali ilisema Mtikila hakuwa na madhara yake binafsi ya kulalamikia. Jaji alitazama hali ya nchi, umaskini, watu wengi wasiojua haki zao, mazoea ya kunyamaza yaliyoachwa na siasa za chama kimoja, akasema kwamba akijitokeza mtu mwenye uchungu na umma kuitetea Katiba, mahakama ina wajibu wa kumsikiliza. Aliegemea ibara ya 26(2), inayompa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba. La pili ni mikutano ya hadhara: sheria ya polisi ya wakati ule ilidai kibali, na jaji aliona kwamba haki inayongoja hiari ya ofisa imebaki ganda tupu. Akavitamka batili vifungu hivyo. La tatu ni mgombea binafsi, yaani anayegombea uongozi bila chama. Marekebisho ya Katiba ya 1992 yalikuwa yameweka sharti la kuwa mwanachama wa chama, ilhali ibara ya 21(1) ilimpa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Vifungu viwili vya Katiba ile ile vikivutana, jaji alichagua tafsiri inayoipa haki nafasi.

Yapo pia maombi ya Mtikila ambayo jaji aliyakataa. Msiyaruke. Hapo ndipo msomaji anapoona kwamba jaji alipima kila ombi kwa mizani yake.

Kisha fuateni safari ya hukumu hadi mwisho, kwa kuwa hapa ndipo makongamano mengi yanapokosea. Msemaji hutangaza kwamba Lugakingira "alileta mgombea binafsi", watu wakapiga makofi, mazungumzo yakaishia hapo. Kijana aliyesikia anakwenda kuulizia fomu na kuambiwa hakuna kitu kama hicho. Kuanzia siku hiyo haamini tena anachoambiwa. Mwelezeni yote. Desemba 1994 Bunge lilipitisha Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, Sheria Na. 34 ya 1994, yakalirudisha sharti la chama. Mtikila alifungua shauri jipya mwaka 2005, na Mahakama Kuu ikamkubalia tarehe 5 Mei 2006. Mahakama ya Rufani, ikiketi na majaji saba, ilitengua uamuzi huo tarehe 17 Juni 2010 na kusema suala hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitamka kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Katazo bado limo katika Katiba yetu.

Fungueni Katiba ibara ya 21(1) mtazame maneno yake ya mwanzo: "Bila ya kuathiri masharti ya ibara ya 39…" Ibara ya 39 ndiyo inayomtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama. Maneno hayo yaliingizwa baada ya hukumu ya Dodoma. Mwekeeni msikilizaji kidole chake juu ya mstari huo; ataelewa zaidi ya hotuba ya saa nzima.

Bonanza si baya. Lifanyeni baada ya watu kumi wa kikundi kuweza kueleza hayo matatu bila kusoma karatasi.

Nafundisha Uraia sekondari, darasa la wanafunzi 80. Nikitaja Katiba wanasinzia, nikitaja siasa wanagombana. Hukumu hii naifundishaje?
*Mwalimu, Kongwa*

Mwalimu, omba vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na usiitaje hukumu kwa dakika 40 za kwanza. Ukianza na hukumu, wanafunzi wataacha kufikiri na kuanza kuwinda jibu linalotakiwa.

Wagawe makundi kumi ya watu wanane. Kila kundi lina wanakijiji saba wanaotaka kukutana chini ya mbuyu kuzungumzia kisima kilichoharibika, na mmoja ni ofisa wa polisi. Mpe ofisa kikaratasi ambacho wenzake hawakioni: "Unaweza kukubali au kukataa. Hulazimiki kutoa sababu." Wanakijiji waombe kibali mara tatu, kila mara wakiboresha maombi yao. Dakika 15 zinatosha. Utasikia kelele zenyewe: "Lakini tumefanya kila alichotaka!"

Kisha badilisha kikaratasi. Sasa kinasema: wanakijiji watatoa taarifa ya maandishi saa 48 kabla, wakitaja mahali, muda na madhumuni, ofisa anaweza kuzuia kwa maandishi tu, kwa sababu ya kuhofia uvunjifu wa amani, na asiyeridhika atakata rufaa kwa Waziri. Huo ndio mfumo wa kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi ilivyo leo. Waulize: nini kimebadilika, na nini bado kinategemea hiari ya mtu? Swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza. Usilijibu wewe.

Hapo ndipo uwasomee kipande cha hukumu kwa Kiswahili, kisizidi maneno 120, halafu wasome ibara ya 20 ya Katiba. Nakala moja kwa wanafunzi wanne inatosha. Dakika kumi za mwisho kila mmoja aandike sentensi mbili: hoja ya jaji iliyomshawishi, na mahali anapotofautiana naye. Sahihisha namna alivyojenga hoja. Msimamo wake usiupe alama.

Yanayoharibu kipindi hiki tunayajua. Kubwa ni majina ya vyama: likitajwa moja tu, darasa linagawanyika na kisima kinasahaulika. Ndiyo maana tumechagua kisima. Jingine ni kumpa nafasi ya ofisa yule kijana mwenye sauti kubwa, naye akaigeuza maigizo. Mpe mwanafunzi mtulivu. Na ukiona kundi lina ofisa anayekubali kila kitu, usimkemee. Waulize wenzake kama wangekuwa na uhakika huo huo akihamishwa kesho akaja mwingine.

Hukumu za zamani zote ni za Kiingereza. Tukizitafsiri wenyewe tutakuwa tumevunja sheria? Na tutumie maneno gani?
*Wasaidizi wa kisheria, Mpwapwa*

Hamvunji sheria. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haizilindi sheria wala maamuzi ya mahakama. Chungeni jambo moja: ule muhtasari unaotangulia hukumu katika ripoti iliyochapishwa ni kazi ya mhariri, jaji hakuuandika. Tafsirini maneno ya jaji, muhtasari uwe wenu. Na juu ya kila ukurasa andikeni kwamba tafsiri si rasmi.

Kiswahili ndicho lugha ya mahakama tangu marekebisho ya sheria ya 2021, ila hukumu za 1994 zimebaki kama zilivyoandikwa. Ajabu yake ni kwamba Katiba yenyewe iliandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo jaji anaponukuu ibara kwa Kiingereza, msitafsiri nukuu hiyo. Chukueni maneno ya Katiba ya Kiswahili neno kwa neno.

Neno linalopotoshwa zaidi ni "kufuta". Mahakama haifuti sheria, hilo ni la Bunge. Mahakama hutamka kwamba kifungu ni batili au ni kinyume cha Katiba. Tenganisheni pia kiini cha uamuzi, yaani hoja iliyoamua kesi, na maoni ya pembeni, yaani aliyosema jaji bila kesi kuyategemea. Sentensi tamu ya jaji inaweza kuwa maoni ya pembeni tu, na wakili wa upande wa pili atawaumbua mkiitumia kama kiini.

Watu wawili watafsiri kurasa zile zile bila kuonana, kisha walinganishe. Baadaye msomeeni kwa sauti mtu ambaye hakusoma sheria. Popote atakapowaambia "hapo rudia", pana kosa la tafsiri au sentensi ndefu mno. Kurasa mbili kwa kikao zinatosha; mkikimbilia kumaliza, istilahi zitabadilika katikati na "mlalamikaji" wa ukurasa wa tatu atakuwa "mwombaji" ukurasa wa tisa.

Nimesikia Jaji Mwalusanya aliiondoa adhabu ya kifo akiwa Dodoma. Mbona bado ipo?
*Msomaji, Manyoni*

Ulichosikia ni nusu. Mwaka 1994, katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake, Jaji James Mwalusanya alitamka hapa Dodoma kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, kinyume cha ibara ya 13(6)(e) ya Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye mwaka 1995 kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikasema inalindwa na ibara ya 30(2) inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliamua, katika kesi ya Ally Rajabu, kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila hiari nyingine kunakiuka haki ya kuishi. Ukimfundisha mtu hukumu ya Mwalusanya, mfundishe na ibara ya 30(2). Mabishano yote yamo humo.

Je, leo mwananchi wa kawaida anaweza kwenda mahakamani kama alivyofanya Mtikila?
*Msomaji, Chamwino*

Anaweza, ingawa mlango ulibanwa. Sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi, Sura ya 3, ilirekebishwa mwaka 2020. Marekebisho hayo yalimtaka mleta shauri aambatanishe hati ya kiapo inayoonyesha jinsi jambo lilivyomwathiri yeye binafsi. Hili liliigusa moja kwa moja hoja ya kwanza ya Lugakingira, na sisi tunaona ni hasara kwa wasio na sauti. Shauri likishapokelewa husikilizwa na majaji watatu. Usiandike hati ya kiapo peke yako: anza kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, umwulize kama sharti hilo bado linatumika, na umweleze madhara yako kwa tarehe na mahali. Kiapo kinachosema "wananchi tunaumia" bila tarehe hata moja hakifiki mbali.

Marehemu baba alikuwa mwanasheria. Ameacha masanduku mawili ya magazeti, barua na hotuba za miaka ile. Mchwa wameanza. Nifanyeje?
*Msomaji, Kondoa*

Pole kwa msiba. Leo hii ondoa masanduku sakafuni. Yaweke juu ya rafu ya chuma au matofali, sentimita 15 kutoka chini na kiganja kimoja kutoka ukutani, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane kabla haijafika. Usinyunyize dawa juu ya karatasi. Itie kwenye msingi wa nyumba.

Tenga kwanza lolote lenye muhuri wa mahakama au namba ya jalada. Kama ni jalada halisi, ni mali ya mahakama na lirudishwe masjala. Yaliyobaki yapange kwa mfuatano aliouacha mzee, hata kama unaonekana ovyo. Barua iliyokuwa ndani ya gazeti fulani huenda iliwekwa humo kwa sababu.

Usitumie selotepu, usipige lamineti. Gundi ya selotepu hugeuka kahawia na kula maandishi, na lamineti haitoki tena. Gazeti hujiunguza lenyewe kwa asidi yake, kwa hiyo lipige picha mapema na ulitenge na barua. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, upande wa nyuma pia, na jina la faili lianze na mwaka: 1994-10-24, kisha aina, kisha ukurasa. Weka nakala tatu, moja kati yake kwa ndugu aliye mji mwingine, na kila mwaka fungua flashi uhakikishe inasoma. Barua za watu walio hai usizitoe hadharani kabla hawajakubali kwa maandishi.

Fanya kazi hii kabla ya mvua za Desemba, asubuhi, wakati upepo haujaanza kuleta vumbi. Na kabla ya kuskani karatasi yoyote, toa pini na klipu kwa kucha au kijiti cha mwanzi, polepole. Zilizoshika kutu ukizivuta kwa nguvu zitaondoka na kona ya karatasi, na mara nyingi kona hiyo ndiyo yenye tarehe.