Jeni mgombea anawania jimbo gani?

Swali: Natafsiri makala ya jenetiki. Jeni inayodhaniwa kuwa chanzo cha maradhi, ila haijathibitishwa, niiite "jeni mgombea" au "jeni mtarajiwa"? (Mfasiri, Morogoro)

Jibu: Yote mawili hapana. Kugombea kumetoka kwenye kugomba, yaani kuteta, na jeni haiteti na mtu. Mtarajiwa mwachie bibi harusi. Andika "jeni inayoshukiwa", kisha tuzungumze lile linaloniwasha: "jeni ya unene".

Mwaka 2007 utafiti uliojumuisha watu 38,759 ulikuta herufi moja ya DNA, ndani ya jeni FTO, inayoonekana zaidi kwa wanene. Mwenye nakala mbili alimzidi asiye nayo kwa kilo 3 hivi. Kilo tatu! Basi tukaanza kusoma kwamba FTO "husababisha unene".

Tafiti hizi hupima herufi kwa mamia ya maelfu, na matokeo hayakubaliwi mpaka ionekane kuwa bahati peke yake ingeyaleta chini ya mara 5 katika 100,000,000. Masharti makali, lakini yanakupa mtaa tu, nyumba huijui. Herufi jirani hurithiwa kwa mafungu, kwa hiyo iliyo na hatia na zisizo nayo hujitokeza pamoja, na jeni iliyo karibu nazo hubebeshwa lawama kwa ujirani tu.

Ndivyo ilivyoipata FTO. Mwaka 2014 na 2015 ikabainika kuwa kipande kile hakiundi protini, ni swichi. Imo sebuleni kwa FTO lakini inawasha taa za wengine: jeni IRX5, na jeni IRX3 iliyo umbali wa herufi kama nusu milioni. Pale herufi T ya swichi hiyo inapokuwa C, protini ARID5B, ambayo kazi yake ni kuizima swichi, inakosa pa kushika. Watafiti waliirudisha T kwa mkasi wa CRISPR, zana ya kuhariri DNA, kwenye seli za mafuta, na utendaji wa IRX3 na IRX5 ukashuka.

Sababu ni Kiarabu, sabab, asili yake kamba. Anayeandika "husababisha" atuonyeshe kamba, kama hao walivyoionyesha. Kabla ya hapo ni "inahusishwa na". Hata baada ya hapo, kwa kilo 3, mimi ningeandika "huchangia".

Wenye haraka ya kichwa cha habari, wanaotaka kitu kimoja kinachompanda mtu na kumnenepesha, waandike "jini la unene". Hapo sitawasahihisha.