Kwa nini selulasi hushuka trei ikijazwa?

SWALI: Ninaotesha kuvu ya Trichoderma reesei kwenye mabua ya mahindi yaliyosagwa na kuchanganywa na pumba za ngano. Kwenye chupa ndogo napata selulasi ya kutosha, yaani kimeng'enya kinachovunja selulosi, nyuzinyuzi za mimea. Nimehamia kwenye trei yenye kina cha sentimita 10. Kuvu inaota vizuri juu, ila kimeng'enya kimeshuka mno. Je, niongeze mbegu za kuvu?

JIBU: Usiongeze. Mbegu nyingi zitafanya kuvu ikue kwa kasi zaidi, na shida yako itaanza mapema zaidi, maana shida yenyewe ni joto.

Kuvu inapokula hutoa joto. Mabua yaliyosagwa yana hewa nyingi katikati yake, kwa hiyo hayapitishi joto vizuri. Kwenye chupa ndogo joto hupenya na kutoka. Katikati ya trei yako halina pa kwenda. Chomeka kipimajoto katikati kabisa siku ya pili, wakati ukuaji umepamba moto. Kuvu hii hupenda nyuzi 28 hadi 30 hivi. Ukisoma 38 au 40, jibu umelipata. Kisha fukua: nikikisia, utakuta nyuzi nyeupe zimeishia juu, na chini kumelowa, kunanuka uchachu. Hapo bakteria wamekwisha kutawala.

Punguza kina kiwe sentimita 3 au 4, na upange trei nyingi kwenye rafu zenye nafasi ya hewa. Hewa hiyo iwe na unyevu. Hewa kavu hupoza kweli, lakini hukausha chakula cha kuvu, na kuvu ikikosa maji hudumaa. Usigeuzegeuze, kwani unakata nyuzi zake. Maji nayo yasizidi: kamua konzi moja ya mchanganyiko kabla ya kupanda. Matone yachomoze kidogo tu kati ya vidole. Yakitiririka, matundu yamejaa maji na oksijeni haipiti.

Naona wengi wakishauriwa kutia molasi ili kuvu "ipate nguvu". Kwa selulasi, tafadhali usifanye hivyo. Kuvu ikiwa na sukari rahisi haina haja ya kuvunja selulosi, na huzima utengenezaji wa kimeng'enya hicho.

Tena usivune kwa kuangalia rangi. Ukijani ni mbegu, si selulasi. Kuanzia siku ya 3 chukua sampuli kila siku, kamua kwa bafa ya sitrati ya pH 4.8 (mmumunyo unaoshikilia kiwango cha asidi kisibadilike), pima nguvu ya selulasi, uvune kipimo kinapoacha kupanda. Na uvae barakoa: vumbi la mbegu hizo huumiza mapafu.