Nyuki wa kijani anayelamba jasho lako: jina ulilopewa na simu si lake

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa alizeti hapa Manyoni. Tangu maua yaanze kufunguka, kila nikizunguka shambani mchana kuna nyuki wadogo wa kijani kinachong'aa kama shaba, wakubwa kiasi cha punje ya mchele, wananitua mkononi na shingoni wakilamba jasho. Nilimpiga picha mmoja nikaipitisha kwenye programu ya simu, ikaniambia ni Agapostemon, asilimia 94. Kuna bwana hapa anauza mizinga ya "nyuki-jasho" na anasema asali yao ni dawa. Nilipomwonyesha jina hilo akasema ndio hao hao. Je, jina ni sahihi? Na jike na dume nawatofautishaje? (Msomaji, Manyoni, Singida)

JIBU: Marahaba. Jina si sahihi, na naweza kulikataa bila hata kumwona nyuki mwenyewe. Agapostemon ni jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, ya bara la Amerika peke yake, kutoka Kanada hadi Argentina. Haina spishi hata moja ya Afrika. Kilichofanana ni rangi, na rangi ndiyo alama inayodanganya kuliko zote kwenye nyuki hawa.

Hiyo asilimia 94 nataka niieleze vizuri, maana maswali mengi ninayopokea siku hizi yanaanza na namba kama hiyo. Watu wanaisoma kana kwamba ni matokeo ya maabara. Sivyo. Programu haisemi kwamba kuna uwezekano wa 94 kati ya 100 kuwa jina ni kweli. Inasema kwamba kati ya majina iliyofundishwa, hilo ndilo lililokaribia zaidi picha yako. Imefundishwa kwa picha, na picha za nyuki hawa zilizo nyingi na zenye majina ya kuaminika zimepigwa Marekani na Ulaya. Nyuki wako kama hayumo katika ilichofundishwa, haitakuambia kwamba hayumo, itakupa anayefanana naye. Mpe mtu albamu ya harusi ya Mwanza, kisha umwonyeshe picha ya jirani yako wa Lindi na kumwuliza, "Huyu ni yupi humu?" Atapekua, na atapata mwenye mashavu kama yake. Hata akiapa, jirani yako hakwenda Mwanza.

Basi ni nani? Kwa maelezo yako na picha uliyotuma, ni wa familia ya Halictidae, na kwa karibu sana ni wa jenasi ya Halictus, katika kundi lake dogo la kijani linaloitwa Seladonia. Baadhi ya wataalamu wanaipa Seladonia hadhi ya jenasi kamili, wengine wanaiacha ndani ya Halictus kama jenasi ndogo. Ukikuta majina hayo mawili yanatumika kwa mdudu mmoja usidhani mmoja wao kakosea, wanatofautiana tu kuhusu mahali pa kuchora mpaka. Hapo ndipo picha yako inapoishia. Kwenda mbele ya hapo, yaani kwenye spishi, siwezi, na yeyote atakayekutajia spishi kwa picha hiyo anabahatisha.

Najua utaniuliza mbona mitandaoni watu wanaandika "Halictus jucundus" chini ya kila nyuki wa kijani wa Afrika. Ni kwa sababu ni spishi ya kweli, ilipewa jina na Frederick Smith mwaka 1853, na imeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Kwa hiyo jina lake ndilo la kwanza kuja mdomoni. Lakini ana ndugu zake wa Seladonia katika bara hili hili, wote kijani, wote wadogo, na wengine wanaruka katika mashamba hayo hayo. Kinachowatenga ni urefu wa kichwa ukilinganisha na upana wake, jinsi vishimo vidogo vilivyosambaa juu ya kifua, makunyanzi ya sehemu ya nyuma ya kifua pale kinapokutana na tumbo, na kwa madume, umbo la viungo vya uzazi ambavyo vimejificha ndani ya tumbo. Hakuna simu inayopiga picha ya kitu kilicho ndani ya tumbo la nyuki.

Kabla ya kufika huko ni lazima uwatoe kwanza wasiohusika. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10, si lazima darubini. Nyigu wa kijani wanaoitwa Chrysididae wanang'aa kuliko nyuki wako, lakini ngozi yao ni ngumu yenye vishimo vikubwa kama kastabini, tumbo lao kwa chini limebonyea, na ukimshtua anajikunja kama mpira. Hana manyoya ya kubebea chavua hata kidogo. Wa pili ni Ceratina, nyuki wadogo wanaotoboa vijiti vikavu vyenye moyo laini. Baadhi yao ni kijani kabisa, na hawa ndio wanaowadanganya hata wanafunzi wangu. Mwili wao una manyoya machache, usoni mara nyingi wana alama ya njano au nyeupe, na kishipa cha msingi cha bawa la mbele kimenyooka. Kwa Halictus kishipa hicho kimepinda kama upinde, na mpindo wake uko karibu na shina. Ukikiona mara moja hutakisahau. Kama ningeruhusiwa kukufundisha alama moja tu, ningekufundisha hiyo.

Kisha mtenge na Lasioglossum, jenasi yenye spishi nyingi kuliko jenasi nyingine yoyote ya nyuki duniani, zaidi ya 1,700. Angalia jike. Kwa Halictus, mikanda myeupe ya manyoya tumboni iko kwenye ukingo wa nyuma wa kila pingili. Kwa Lasioglossum, mikanda ikiwepo, iko mwanzoni mwa pingili, na vishipa vya nje vya bawa la mbele vimefifia kana kwamba vimechorwa kwa penseli iliyokwisha ncha. Lakini angalia nyuki aliye mzima, si aliyechakaa. Nyuki aliyefanya kazi wiki kadhaa manyoya yamekwisha kuchubuka, na mkanda unaoutafuta haupo tena.

Jike na dume si kazi ngumu. Hesabu pingili za kipapasio: jike ana 12, dume 13. Hesabu pingili za tumbo zinazoonekana kwa juu: jike 6, dume 7. Jike ana manyoya mazito kwenye miguu ya nyuma ya kubebea chavua, na mwishoni mwa tumbo, kwenye pingili ya tano, utaona mstari kama mfereji unaoyagawa manyoya katikati. Dume ni mwembamba, vipapasio vyake ni virefu zaidi, na hana mwiba. Usitumie ukubwa wa mwili. Katika spishi zao zinazoishi kijamii, mama aliyeanzisha kiota mara nyingi ni mkubwa kuliko mabinti zake wa kwanza, na watu wameshawahesabu mama na mwana kuwa spishi mbili.

Kosa hilo, tena, halikufanywa na wakulima. Nyuki wengi wa Afrika walipewa majina na watu waliokaa Ulaya na kuletewa kielelezo kimoja kilichokauka: jike hapa likaitwa jina moja, dume la spishi hiyo hiyo likaja na meli nyingine likaitwa jina jingine. Ilichukua watu kama Alain Pauly, mtaalamu wa nyuki wa Ubelgiji, miaka na miaka ya kukaa na vielelezo hivyo, kimoja kimoja, ili Halictidae wa Afrika na Madagaska wapangike. Ndiyo maana nasikitika ninapoona kazi hiyo ikifutwa kwa kubofya kioo mara moja. Picha ikishapewa jina baya na kupakiwa, programu nayo huenda ikajifunza kutoka kwake, na mkulima wa Iramba atakayepiga picha mwakani atapewa jina baya hilo hilo kwa asilimia kubwa zaidi.

Ukitaka jina la kweli, inabidi ukamate wachache. Majike wanne au watano na madume wawili watatu wanatosha, hutamaliza ukoo wao. Njia rahisi ni mabakuli madogo ya njano, bluu na meupe, maji na matone ya sabuni ya kuoshea vyombo, uyaweke chini pembeni mwa shamba asubuhi na kuyakusanya jioni. Wasuuze kwa maji safi, wakaushe kwa karatasi laini hadi manyoya yasimame tena, kisha kila mmoja achomwe sindano ya wadudu kwenye kifua, kulia kidogo ya katikati, ili upande mmoja ubaki mzima. Kama vinasaba vitahitajika, mmoja au wawili waende moja kwa moja kwenye pombe ya maabara ya asilimia 95. Kila kielelezo kiwe na karatasi yake: kijiji na wilaya, tarehe, jina la aliyekamata, na alikuwa anafanya nini, "juu ya ua la alizeti" au "akilamba jasho". Niliwahi kupokea kopo la nyuki zaidi ya 30 waliokaushwa vizuri sana, bila karatasi hata moja. Sikuweza kuwatumia kwa lolote. Walio karibu nawe wanaoweza kuwapokea ni watu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mkusanyo mkubwa wa kulinganishia uko Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.

Sasa huyo bwana wa mizinga. Hapa naomba unisikilize wewe na wengine wote mnaosoma, kwa sababu si Manyoni tu.

Nyuki wa Halictidae hawaweki asali. Jike anachimba shimo ardhini, mara nyingi kwenye udongo mtupu wa njia ya miguu au ukingo wa shamba, anatengeneza vijumba vidogo pembeni mwa shimo, na ndani ya kila kijumba anaweka donge la chavua lililochanganywa na mbochi, yaani maji matamu ya maua, anataga yai moja juu yake, anafunga. Donge hilo ni chakula cha mtoto mmoja na linaisha lote. Hakuna sega, hakuna chungu cha asali, hakuna cha kurina. Huwezi kumfuga kwenye boksi la mbao kama vile huwezi kumfuga fuko darini. Anachouza huyo bwana kama "nyuki-jasho" ni mojawapo ya mambo mawili: ni nyuki wadogo wasiouma, au ni boksi tupu.

Mchanganyiko huu una chanzo chake. Nyuki wadogo wasiouma nao hupenda jasho, wanatua machoni na masikioni wakati wa kiangazi hadi wanakera, wakitafuta chumvi na majimaji. Kwa Kiswahili wote tumewaita "nyuki wadogo" na jina moja likafunika familia mbili. Lakini hao ni weusi au kahawia, hawang'ai kijani. Chavua wanaibeba ikiwa imelowanishwa na kubanwa donge moja kwenye kikapu laini cha mguu wa nyuma, wakati nyuki wako anaibeba kavu, imetapakaa kwenye manyoya ya mguu kama unga kwenye mikono ya mpika chapati. Na jike wa Halictus ana mwiba, mdogo, ukimbana kwenye kiwiko utaujua. Nyuki wasiouma ni viumbe wazuri, asali yao ni halali na wafugaji waaminifu wapo. Ninachokataa ni mtu kuazima jina la kisayansi kutoka kwenye simu yako, tena la mdudu wa Amerika, ili apandishe bei.

Na hili la "dawa" limenichosha. Kila mwaka nasikia asali ya nyuki wadogo inatibu vidonda vya tumbo, macho, presha, kisukari, na mzee mwenye kisukari anaambiwa aache vidonge. Asiache. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali yoyote, ya nyuki wakubwa wala wadogo, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu unaopoozesha mwili) ambazo tumbo lake bado haliwezi kuzizuia. Hilo muuzaji hakuambii.

Wengine wakiambiwa nyuki wa kijani ana asali ya dawa, wanachukua jembe na kufukua viota. Nimeona ukingo mzima wa shamba umechimbuliwa, na walichopata ni madonge ya chavua yasiyojaza kijiko. Wakati huo waliokuwa wakichavusha alizeti ya mwenye shamba ndio hao waliofukuliwa. Ukingo wako usioulima, wenye mashimo kama ya kalamu na vichuguu vidogo vya udongo laini, uache ulivyo, na kama ni lazima kupuliza dawa, puliza jioni jua likishazama, nyuki wakiwa wamerudi ardhini.

Kabla hujatoa fedha kwa huyo bwana, mwombe afungue mzinga mbele yako. Ukiona nyuki weusi na vichungu vya asali vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, ujue ni nyuki wasiouma, na mjadiliane bei ya nyuki wasiouma. Mwonyeshe kisha aliye mkononi mwako, wa kijani, na umwulize kijumba chake kiko wapi humo ndani.