Jua Likizama, Usizime Kamera

Watu wengi wanaopiga taimulapsi (picha nyingi zinazounganishwa kuwa video iendayo mbio) ya machweo ufukweni hufungasha vifaa mara tu jua linapotoweka. Huwa inaniuma, kwa sababu rangi nzito mara nyingi huja baadaye, pale jua lililokwisha kuzama linapoyamulika mawingu kutokea chini. Mimi huanza nusu saa kabla na kuendelea nusu saa baada, na maandalizi yangu yote huyafanya kwa ajili ya hiyo nusu saa ya pili.

Hesabu yake ni nyepesi. Picha moja kila sekunde 5 kwa saa nzima ni picha 720. Ukizicheza 24 kwa sekunde, unapata video ya sekunde 30. Mawingu yakiwa yanakwenda mbio, shuka hadi sekunde 2 au 3, la sivyo yataonekana yakirukaruka.

Kinachosumbua hasa ni mwanga unaopungua. Ukiiachia kamera iamue kila picha, video hupepesa. Kwa hiyo fokasi naiweka kwa mkono kwenye upeo wa macho, maana giza likiingia kamera huhangaika kuitafuta. Rangi naziweka kwenye alama ya jua la mchana, kamera isije ikaufifisha ule wekundu nilioufuata. Ukubwa wa tundu la lenzi siubadilishi. Naanza na picha yenye giza kidogo ili jua lisigeuke doa jeupe tupu, kisha kadiri anga linavyofifia naipunguza kasi ya shata kidogo kidogo, yaani naiacha ikae wazi kwa muda mrefu zaidi kupitisha mwanga, bila kuitikisa kamera. Muda wa shata kukaa wazi ukikaribia muda ulio kati ya picha na picha, hapo ndipo napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Piga faili ghafi (RAW), zile ambazo kamera haijazichakata. Zile ngazi ndogo za mwanga utazilainisha baadaye kwenye kompyuta.

Liachie jua nafasi ya kupita. Karibu na ikweta hushuka karibu wima, lakini ukienda mbali kaskazini hushuka likielekea kulia, na kusini likielekea kushoto. Na tafadhali, usilichungulie kwa jicho kupitia lenzi ndefu. Tumia kioo cha nyuma ya kamera.

Mchanga nao una mambo yake. Wimbi likipita kwenye miguu ya tripodi, mchanga hulegea na kamera huzama taratibu. Wewe huoni, ila kwenye video bahari nzima inainama. Angalia mapema saa za maji kujaa, simama mahali palipo juu zaidi ya yanapofika, kisha ididimize miguu ya tripodi mpaka igote. Upepo ukileta rasharasha za chumvi, kagua lenzi mara kwa mara. Usiisugue ikiwa kavu, kwani chembe za mchanga huikwaruza: zipulize kwanza kwa pampu ndogo ya mkono, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Ukirudi, suuza miguu ya tripodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi usiku huohuo, kabla viungo havijaanza kukwama.