Boneti Wazi: Inachemsha kwenye foleni, ikitembea inapoa

Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 injini 5A, ndio gari yetu ya familia, shule watoto wanaenda nayo na jumapili kanisani. Shida ni kuchemsha. Nikikaa foleni Ubungo mshale wa joto unapanda unakaribia H, nikipata barabara wazi unashuka wenyewe unarudi katikati kama hakuna kilichotokea. Fundi wa kwanza katoa themostati (kile kilango cha maji ya injini), wa pili kasema rejeta imeziba nikanunua nyingine ya mtumba, wapi. Wa tatu anasema gasketi ya hedi, ile pakingi ya juu ya injini, imeungua, anataka kushusha injini, na hela aliyotaja sitaki hata kuiandika hapa. Nimpe? – Mama wa watatu, Kimara

Marahaba dada. Usimpe, sio leo. Na hata ingekuwa kweli ni gasketi, hedi ya 5A inafunguliwa injini ikiwa palepale kwenye gari, sasa kushusha injini yote kunatoka wapi? Hilo peke yake lingenifanya nichukue funguo zangu nirudi nyumbani.

Jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye swali. Gari ikitembea upepo unaingia kwa mbele unapooza rejeta bure, ikisimama kazi yote ni ya feni. Kwa hiyo gari inayochemsha imesimama na kupoa ikitembea, anza na feni kabla hujagusa kitu kingine chochote. Gasketi ikiungua kawaida inasumbua zaidi ukiibana gari, mlimani au mwendo mrefu, haikupi nafuu ukifika barabara nzuri.

Washa gari, washa AC, fungua boneti uangalie. Zile feni nyuma ya rejeta zinatakiwa zizunguke. Kama ya rejeta imelala, nenda kwenye swichi yake ya joto, ile imefungwa kwenye njia ya maji ina waya mmoja (usiichanganye na ile inayopeleka mshale kwenye dashibodi, nayo ni ya waya mmoja, fundi umeme wako akuonyeshe). Sasa hapa Toyota za kizazi hicho wana akili moja nzuri sana, swichi imewekwa kinyume, maji yakiwa ya baridi inashika na feni inalala, yakipata moto inaachia na feni inaamka, maana yake hata waya ukikatika njiani feni itazunguka tu injini isife. Basi weka switi (funguo) on bila kupiga stata, chomoa ile plagi ya swichi. Feni ikianza kuzunguka basi mota nzima na rilei (kile kiswichi cha kwenye boksi la fyuzi) nzima, mbovu ni swichi. Isipozunguka angalia fyuzi, badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo palepale kwenye boksi, mwisho ipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kizembe au mpaka uisukume na kijiti, brashi za ndani ya mota zimeisha.

Kuna jingine ambalo mafundi wengi wanalipita. Rejeta yako ilishatolewa, na feni inatoka nayo, na wakati wa kurudisha kuna watu wanakata plagi wanaunga waya kwa kusokota. Waya zikigeuzwa feni inazunguka vizuri kabisa, ila kinyumenyume! Badala ya kuvuta upepo kutoka mbele inausukuma urudi mbele. Unaiona inazunguka unasema feni nzima. Chukua karatasi ya daftari, feni ikiwa inafanya kazi iweke mbele ya gari kwenye grili, inatakiwa inyonywe ing'ang'anie pale bila kushikwa. Ikipeperuka kukufuata wewe, fundi umeme abadilishe waya, ni kazi ya dakika chache. Ukiwa hapohapo chungulia kati ya kondensa (ile rejeta ya AC) na rejeta, gari za miaka hiyo pale katikati unakuta majani, wadudu na vumbi limeshikana kama godoro, na kwa nje huoni kitu.

Halafu themostati irudi mahali pake. Najua hii nitabishana na nusu ya gereji za mjini, hadithi ni kwamba nchi yetu joto hatuhitaji themostati. Ya kwenye gari yako inaanza kufunguka kwenye nyuzi joto 82, na haina kazi moja ina mbili: ikifunguka upande wa rejeta inaziba kile kinjia cha mkato ambacho maji yanazungukia ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa kinjia kinabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka bila kupozwa. Kwa hiyo umetoa kitu ili isichemshe na umeisaidia ichemshe. Na wa Njombe au Arusha mwezi wa saba atapata tatizo la pili, injini haipati joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga petroli. Mpya ikifungwa, kale kadude kadogo kanakotikisika kakae juu, ndiko hewa inapotokea.

Mfuniko wa rejeta nao usome, umeandikwa namba ya presha, nyingi za Corolla hizi ni 0.9. Hiyo presha ndiyo inafanya maji yafike karibu nyuzi 119 bila kuchemka, mfuniko ukilegea yanaanza kutokota mapema na kumwagika kwenye kichupa cha maji ya akiba. Na tafadhali, usiufungue mfuniko gari ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, watu wameungua uso.

Ukishamaliza yote hayo na bado ina shida, ndio tuizungumzie gasketi, na yenyewe inapimwa haikisiwi. Asubuhi gari ya baridi, toa mfuniko, washa, angalia maji: yakitoa mapovu mfululizo yasiyoisha kama soda, au maji yanapungua kila siku na chini hakuna tone, au chini ya kifuniko cha oili kuna kitu kama chai ya maziwa na dipstiki nayo hivyohivyo, hapo fundi wa tatu ana haki ya kuongea. Akifungua, hedi ipelekwe ikapimwe kama imepinda, asikurudishie hivihivi na gasketi mpya juu.

Fundi habari, Ipsum ya zamani hii ya injini 3S. Nikipiga switi inasema "tak" moja basi. Narudia rudia hata mara kumi, ghafla inawaka kama kawaida na siku nzima haina shida. Nimebadilisha betri. – Baba Ipsum, Morogoro

Betri ulinunua bure pole. Jaribio liko hivi, usiku washa taa kubwa halafu piga stata. Taa zikififia sana ni betri au tamino (vishikizo vya waya kwenye betri) zina ule unga wa kijani, mwagia maji ya moto, kwangua, kaza. Taa zikibaki zinawaka vilevile na unasikia "tak", umeme upo ila haupiti ndani ya stata. Stata za Denso hizi zina vipande viwili vya kopa ndani ya otomatiki yake (ile swichi ya juu ya stata), kila ukiwasha vinapigwa cheche vinalika, mara nyingi kimoja kinaisha kabla ya mwenzake, ndio maana inashika siku ikijisikia. Fundi wa stata yeyote anavijua, vinauzwa vyenyewe, usikubali kuuziwa stata nzima kwanza.

Na kama una mita, betri iliyopumzika usiku ikiwa imejaa inasoma volti 12.6, ikisoma 12.0 iko hoi. Gari ikiwa inaunguruma isome kama 13.8 mpaka 14.5, chini ya 13 alteneta haichaji. Lakini yule anayepima alteneta kwa kuchomoa tamino ya betri huku gari inaunguruma, mfukuze!! Umeme unaruka juu ghafla na kinachoungua ni kompyuta ya gari.

Tangu ninunue gari kuna taa imeandikwa O/D OFF kwenye dashibodi haizimi, na mafuta inakula balaa. Gia boksi imekufa? – Mwalimu, Iringa

Mwalimu, pembeni ya mpini wa gia kuna kitufe. Kibonyeze.

Kama imezima, ulikuwa unaendesha bila gia ya mwisho muda wote huo, raundi juu, mafuta yanakwenda. Kitufe kina kazi yake lakini, ukishuka mlima Kitonga na familia na mizigo kibonyeze taa iwake, gari inashikwa na injini hupiki breki. Ila kama ile taa inapepesa yenyewe, sio kitufe tena, gia boksi inakuambia kuna kosa, kapime.

Opa ya 2000, cc 1800. Kila wiki mbili naongeza oili, chini haivuji. Nimeambiwa nifanye ovahoo, injini yote ifunguliwe. Moshi upo kidogo wa bluu. – Msomaji, Mwanza

Hiyo ni injini ya 1ZZ, na za miaka yake ya mwanzo ugonjwa huu unajulikana dunia nzima: vitundu vya kurudisha oili kwenye pistoni vilikuwa vidogo na vichache, vinaziba kwa masizi, ringi ya oili inaganda, oili inapanda inaungua. Toyota wenyewe baadaye walibadilisha pistoni. Kabla ya ovahoo angalia PCV, kivalvu kidogo kwenye kava ya hedi, kitoe ukitikise, kisipolia tik tik kimeganda, ni hela ndogo. Halafu angalia moshi unatoka lini. Asubuhi ukiwasha tu "pwaa" mara moja kisha kimya, sili za valvu. Ukikanyaga mafuta na ukaendelea kutoka, ringi. Ikiwa ni ringi na utaamua kufungua, usirudishe pistoni zilezile, la sivyo mwakani unanitumia swali hilihili. Ukiona hela haipo, ongeza oili, kagua dipstiki kila ukijaza petroli, na uendeshe. Sio aibu. Injini inayokula oili haifi haraka, inayoendeshwa bila oili ndio inakufa.

Mbele inagonga "kong kong" kwenye matuta madogo, makubwa inanyamaza. Shokapu nimebadilisha zote. – Dada wa Probox, Tabata

Stabilaiza linki. Shika ile fimbo nyembamba nyuma ya tairi uitikise kwa mkono, ikicheza umeipata. Badilisha za pande zote mbili. Kama sio yenyewe, ni bushi za kontroo am, na kama inalia "tak tak tak" ukikata kona mpaka mwisho basi hiyo ni sivi jointi (kiungio cha ekseli kwenye tairi), kaangalie buti yake ya mpira kama haijachanika na kumwaga grisi kwenye rimu.