Maswali ya Wasomaji: Modeli ya kanzidata tuichore kwa programu gani?

Barua za safari hii zimetoka Dodoma na Singida, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: namna ya kuchora modeli, yaani mchoro wa majedwali ya kanzidata na uhusiano wake. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili msiyatafute sana.

SWALI: Ndugu wahariri, tuko vijana wawili tunaotengeneza mfumo wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu huku Hombolo: usajili wa wanachama, mapokezi ya mizani, makato na malipo. Seva itatumia programu ya kanzidata ya PostgreSQL. Mwenzangu anataka tuchore modeli kwa draw.io kwa kuwa ameizoea. Mimi chuoni nilifundishwa MySQL Workbench. Mjumbe mmoja wa bodi naye amesikia kwamba mifumo ya maana huchorwa kwa erwin, na yuko tayari kutuombea fedha. Tushike ipi? – V.M., Hombolo, Dodoma

JIBU: Katika hizo tatu, msishike hata moja.

Workbench inaondoka kwanza, na kosa si lake. Sehemu yake ya modeli imetengenezwa kwa ajili ya MySQL: aina za data inazokupa ni za MySQL, na SQL (lugha ya amri za kanzidata) inayotoa ni ya MySQL. PostgreSQL haijui maneno ya MySQL kama AUTO_INCREMENT au TINYINT, kwa hiyo mtakuwa mnasahihisha faili kwa mkono kila mkibadilisha kitu. Ndani yake kuna chombo cha kuhamisha data kutoka PostgreSQL, lakini kinaipeleka MySQL, na ninyi hamwendi huko.

draw.io ni karatasi na penseli, iliyo nzuri tu. Ukiandika “uzito” ndani ya kisanduku chake, kwake ni maandishi; haijui kama ni namba, tarehe au jina la mbuzi. Futa jedwali la wakulima, na mstari uliotoka kwenye mapokezi utabaki ukining'inia bila mtu kulalamika. Itumieni siku ya kwanza mkiwa na katibu wa chama na mpima mizani, kupatana maneno: “mzigo” ni kreti moja au ni jumla ya siku? Makato yanakatwa kwa kilo au kwa asilimia? Mkishapatana, iwekeni kando.

Ama erwin, pamoja na wenzake ER/Studio na PowerDesigner, ni programu za kulipia zinazorudisha gharama pale ambapo taasisi ina kanzidata nyingi za aina mbalimbali, wachoraji kadhaa, na kanuni za majina zinazopaswa kufuatwa na wote. Mfumo wenu hautavuka majedwali kumi na mawili. Mjumbe akipata hizo fedha, zinunue UPS na diski ya nje ya kuhifadhia nakala.

Kwa watu wawili wanaogawana kazi, ushauri wetu ni DBML: modeli mnaiandika kama maandishi, mchoro unajichora wenyewe, na faili linakaa vizuri kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, kwa sababu kila badiliko linaonekana mstari kwa mstari. Faili la Workbench, .mwb, ni furushi la zip. Git italipokea, lakini haitawaonyesha nani alibadilisha safu gani. Jedwali la misimu litakuwa hivi:

```
Table misimu {
  id int [pk, increment]
  mwaka int [not null]
  awamu int [not null]
  indexes {
    (mwaka, awamu) [unique]
  }
}
```

Angalieni ule ufunguo wa pamoja, (mwaka, awamu). Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mwaka peke yake hautoshi kutambulisha msimu. Anayeusahau ufunguo huo hugundua siku ya malipo, pale kilo za mavuno mawili zinapozidishwa kwa bei moja.

Kupata SQL, wekeni Node.js, kisha `npm install -g @dbml/cli`, halafu `dbml2sql modeli.dbml --postgres -o modeli.sql`. Ikishawekwa, kazi hiyo haihitaji intaneti. Kwa kutazama kanzidata iliyokwisha kujengwa, tumieni pgAdmin 4: bofyeni kanzidata kwa kitufe cha kulia, chagueni “ERD For Database”. DBeaver Community nayo huchora, ila mara ya kwanza unapounganisha hupakua kiunganishi cha PostgreSQL kutoka mtandaoni. Fanyeni hivyo mjini kabla hamjafika ofisini ambako bando limeisha.

DBML ina upungufu wake. `dbml2sql` hutoa amri za kuunda majedwali upya, si za kurekebisha yaliyopo. Siku chama kikishaingiza wanachama halisi, faili hilo si la kuendesha tena kwenye seva. Kuanzia hapo kila badiliko liandikiwe faili lake dogo la ALTER TABLE, lenye namba (V2__ongeza_simu.sql, V3__… na kuendelea, programu ya Flyway huzisoma kwa mpangilio huo), na DBML irekebishwe siku hiyohiyo. Ikiachwa wiki mbili, mchoro na seva vitakuwa havisalimiani.

Kabla hamjajifunga na chombo chochote, hata hiki chetu, kipeni jioni moja ya majaribio kwa majedwali matano: wakulima, misimu, bei, mapokezi, malipo. Uzito uwe DECIMAL(8,2), fedha DECIMAL(14,2); FLOAT msiiguse kwenye fedha, kwa sababu 0.1 haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi (wa 0 na 1) ambao kompyuta hutumia, na senti zinazopotea hujikusanya. Wekeni sharti kwamba uzito uzidi sifuri. Toeni SQL, jengeni kanzidata tupu, kisha muivute irudi kuwa modeli. Je, sharti la uzito limerudi, au limemezwa? Je, ufunguo wa mwaka na awamu bado ni wa pamoja, au umekuwa funguo mbili? Vyombo vingi hufeli hapo, na hufeli kimya.

Mwisho, badilisheni jina la safu “simu” liwe “namba_ya_simu” ndani ya modeli, kisha muombe chombo kilinganishe na kanzidata. Walinganishi wengi hawajui kuwa umebadilisha jina. Huona safu moja imekufa na nyingine imezaliwa, wakaandika DROP COLUMN, amri ya kufuta safu. Ukibofya bila kusoma, namba zote za simu zimekwenda. Kama chombo hakikuonyeshi SQL kabla ya kuiendesha, kiacheni hata kama kinachora vizuri kama kanga.

SWALI: Habari za kazi wakuu. Niko mwaka wa tatu hapa Dodoma, namalizia mradi. Modeli nimeichora kwa MySQL Workbench, nikatoa SQL, nikaibandika kwenye phpMyAdmin ya XAMPP. Inakataa: kosa 1064, karibu na neno VISIBLE. Msimamizi wangu akiiendesha kwenye kompyuta yake inakubali. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Hujakosea kuchora. XAMPP imeandika “MySQL” kwenye kidirisha chake, lakini kilichomo ndani ni MariaDB. Hizi ni ndugu waliotengana: Workbench inaandika VISIBLE mwishoni mwa kila indeksi kwa sababu MySQL 8 inalielewa neno hilo, na MariaDB hailielewi. Msimamizi wako bila shaka ana MySQL 8 yenyewe.

Fungua modeli, nenda “Model”, “Model Options”, kichupo cha MySQL, ondoa tiki ya kutumia mipangilio ya jumla, kisha andika 5.7 kwenye “Target MySQL Version”. Toa SQL upya. Kufuta neno VISIBLE kwa mkono kunafanya kazi pia, mpaka utakapotoa SQL mara ya pili. Likitokea kosa 1273 linalotaja utf8mb4_0900_ai_ci (kanuni ya MySQL 8 ya kulinganisha herufi), mzizi ni uleule, weka utf8mb4_general_ci mahali pake.

Ukiwa hapohapo, kagua mambo mawili ambayo wasimamizi huyaona upesi. Kanzidata yako inaitwa “mydb”? Hilo ndilo jina Workbench inalolipa kila modeli mpya, libadilishe. La pili ni mistari. Workbench ina vifaa viwili vya uhusiano wa mmoja kwa wengi, mmoja huchora mstari mkavu na mwingine wa vidotividoti. Mkavu huuingiza ufunguo wa jedwali mzazi ndani ya ufunguo mkuu wa mtoto, yaani safu zinazotambulisha kila rekodi yake. Wanafunzi huuchagua kwa kuwa unaonekana imara, na wakifika jedwali la nne ufunguo mkuu una safu nne. Kwa mambo kama mteja na oda zake, vidoti ndivyo sahihi. Mkavu uache kwa kitu kisichoweza kujitambulisha bila mzazi, mfano mstari wa tatu wa ankara fulani.

Na ukienda steshenari kuchapa, peleka PDF ya A3. Picha ya PNG iliyobanwa kwenye A4 itamlazimu mtahini akuulize kilichoandikwa.

SWALI: Nimekabidhiwa mfumo wa zamani wenye majedwali 64 na hakuna karatasi hata moja ya maelezo. Nimeuvuta kwenye Workbench kwa “Reverse Engineer”. Majedwali yamekuja yote, mistari ya uhusiano hakuna hata mmoja. Chombo ni kibovu? – Afisa TEHAMA, Singida

JIBU: Chombo kinaonyesha kilichomo. Uhusiano haukutangazwa kwenye kanzidata. Uko kichwani mwa msimbo wa programu. Anza kwa kuuliza:

`SELECT TABLE_NAME, ENGINE FROM information_schema.TABLES WHERE TABLE_SCHEMA = 'jina_la_kanzidata';`

Ukiona MyISAM, jibu umelipata: injini hiyo hupokea amri ya ufunguo wa kigeni (safu inayoelekeza jedwali jingine) na kuitupa bila kusema. Ukiona InnoDB, huenda mtengenezaji aliandika REFERENCES pembeni ya safu badala ya kuandika FOREIGN KEY kamili. Matoleo ya MySQL 8 na ya nyuma yake huisoma na kuipuuza.

Usikimbilie kuongeza funguo. Kwanza tafuta mayatima: malipo yenye namba ya mteja asiyekuwepo, kwa LEFT JOIN yenye `WHERE wateja.id IS NULL`. Mfumo wa miaka mingi utakuwa nao, na hata mmoja akibaki, ufunguo utakataliwa. Amueni na wenye data nini kifanyike juu yao. Hiyo si kazi ya afisa TEHAMA peke yake. Kisha, kwenye nakala na si kwenye seva ya kazi, badilisha injini kuwa InnoDB na ulinganishe aina za safu. INT na INT UNSIGNED haziunganishwi: MySQL 8 itasema kosa 3780, MariaDB itasema 1005 yenye errno 150. Ndipo uongeze funguo, moja moja.

Kama huna ruhusa ya kugusa chochote, tumia DBeaver. Inakubali utangaze funguo za kufikirika, zinazohifadhiwa upande wa kompyuta yako na si kwenye kanzidata. Na majedwali 64 usiyaweke kwenye mchoro mmoja. Kata michoro mitano au sita kwa shughuli, kila mmoja majedwali 10 hadi 15, jedwali la wateja likijirudia inapobidi.

SWALI: Kwenye modeli nimeweka namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) kuwa BIGINT, aina ya namba nzima, programu ikakubali bila onyo. Kuingiza wanachama ndipo ikaanza kukataa. Mbona haikuniambia mapema? – Manyoni

JIBU: Kwa sababu chombo cha modeli hukagua kama BIGINT ipo, si kama NIDA inaenea ndani yake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na BIGINT inaishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. Wengine hukimbilia BIGINT UNSIGNED ya MySQL, ambayo inafika tarakimu 20 lakini inakomea 18,446,744,073,709,551,615. Namba ya NIDA huanza na mwaka wa kuzaliwa, 19 na kitu au 20 na kitu, kwa hiyo hakuna Mtanzania aliye hai atakayeenea.

Weka CHAR(20), bila vistari. Isiwe ufunguo mkuu, maana wapo wanachama ambao bado hawana namba. Iwe UNIQUE (isijirudie) inayoruhusu NULL (hakuna thamani). Hakikisha fomu ikiachwa wazi inatuma NULL na si maandishi matupu, la sivyo mwanachama wa pili asiye na namba atakataliwa kama nakala ya wa kwanza. Kama orodha inatoka Excel, safu iwekwe “Text” kabla ya kubandika: Excel hutunza tarakimu 15 tu, zilizobaki huzigeuza sifuri, na hazirudi.

Simu nayo ni maandishi. INT hula sifuri ya mbele ya 07, na ukianza na 255 namba inapita kikomo chake cha 2,147,483,647. VARCHAR(15) inatosha.

SWALI: Je, ni salama kuchora modeli ya mteja kwenye tovuti za bure? – K., Dodoma mjini

JIBU: Majina ya majedwali pekee, mara nyingi ndiyo, mradi mteja ameridhia na umesoma kama michoro ya akaunti ya bure inaonekana na yeyote mwenye kiungo. Hatari inakuja pale unapobandika dampo zima la SQL ili tovuti ikuchoree, na ndani yake mna mistari ya INSERT yenye majina na simu za watu. Hapo umeshaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Toa muundo peke yake: `mysqldump --no-data` kwa MySQL, `pg_dump --schema-only` kwa PostgreSQL, kisha tafuta neno INSERT au COPY ndani ya faili kabla ya kulipandisha.