Barua kwa mwanangu: kwa nini bado nashika ukuta

Mwanangu, salamu. Sisi huku Temeke wazima, joto tu ndo linatumaliza, mama yako anakusalimia wewe na wajukuu.

Meseji yako nimeisoma, ile uliyouliza "baba, daktari si alisema kizunguzungu kimepona, sasa mbona naambiwa bado unatembea unashika ukuta, si utulie tu ndani nikutumie hela ya vile vidonge uwe unameza kila siku?" Najua aliyekwambia ni mdogo wako, mbea yule. Nakujibu kwa kuandika manake kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Kizunguzungu ni kitu kimoja na mwendo ni kitu kingine mama, nyie mnavichanganya.

Kizunguzungu chenyewe kilikuwa cha sikio. Mama yako alishasema presha, jirani akasema damu imepungua, mwingine akaleta habari za kutupiwa jini, nikapimwa mpaka malaria, wapi. Kumbe kule ndani kabisa ya sikio kuna vijiwe vidogo sana vya chokaa vinavyouambia ubongo kichwa kimeinama au kimekaa sawa, na jirani yake kuna vifereji vitatu vyenye maji, kila sikio vyake vitatu, hivyo ndo vinajua kichwa kinavyogeuka. Umri ukienda vile vijiwe vinabanduka vinaingia kwenye vifereji ambako siyo kwao, basi ukijigeuza tu kitandani au ukiinua shingo kutoa kitu juu ya kabati, ubongo unaambiwa unazunguka na we umelala zako. Dari inazunguka, hata dakika haiishi, inaacha. Mi kilikuwa kinanikamata kwenye sujudu, nikawa naswali kwenye kiti kama mzee wa miaka mia.

Yule daktari wa masikio hata mashine hakuleta. Alinigeuza kichwa upande, akanilaza chali fasta kichwa kikaning'inia kidogo nje ya kitanda, akawa anayaangalia macho yangu yanavyochezacheza, akasema sikio la kulia hili. Halafu akanigeuza hivi, akanigeuza vile, taratibu, ili vijiwe vitoke kwenye kifereji virudi kwao. Mwanao alipokuja likizo akanitafutia kwenye simu, kipimo kile walikieleza madaktari wawili wa Uingereza, Dix na Hallpike, mwaka 1952, na ile ya kugeuzwageuzwa ni ya Mmarekani anaitwa John Epley. Yani tiba ni kugeuzwa tu, hakuna sindano wala nini, mi nilidhani nafanyiwa utani.

Sasa mwendo. Mtu anasimama kwa vitu vitatu, sikio, macho, na miguu inavyoisikia ardhi, ubongo unachukua habari za vyote unajumlisha. Nyie vijana kimoja kikizingua viwili vinabeba. Mi sikio limetoka kuugua, na wazee wengi hata vijiwe vikisharudi wanabaki wanayumba siku kadhaa au wiki kadhaa, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na hii sukari imenitia ganzi nyayo, nikikanyaga mchanga wa uchochoroni sijui vizuri kama mguu umefika chini au bado. Sa umeme ukikatika usiku hata macho yametoka kwenye hesabu, nimebaki na nini? Ndo hapo nashika ukuta. Hata mchana kweupe, natawadha, nikifumba macho kunawa uso tu nayumba. Siyo ulevi, kwaiyo wale vijana wa kijiweni wanaosema mzee leo kapiga mambo yake waache waseme.

Presha nayo imo kidogo. Walinipima nimelala, wakanipima nimesimama, ile namba ya juu ikashuka zaidi ya 20, daktari akanipunguzia dawa. Siku hizi nikiamka nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda.

Hivyo vidonge vya kizunguzungu unavyotaka kunitumia sivitaki. Vinapooza tu, mtu akiwa anatapika vinamsaidia siku mbili tatu, lakini kijiwe hakirudishwi na kidonge. Na ubongo unatakiwa ujifunze upya kusimama na hiki kilichopo, ukiulaza kila siku utajifunza saa ngapi? Halafu vinaleta usingizi, mzee ana usingizi na vigae vya bafuni vimelowa, we malizia mwenyewe. Ile sinarizini, moja ya hivyo vidonge, mzee akimeza muda mrefu inaweza kumletea kutetemeka na kuburuza miguu, yani dawa ya mwendo inakuharibia mwendo.

Na kutulia ndani usinishauri kabisa. Mtu akiogopa kuanguka anakaa, akikaa mapaja yanaisha, yakiisha anaanguka kweli. Mi mwenyewe nilishaanza kutembea shingo imekakamaa kama nimebeba ndoo ya maji, yule dada wa mazoezi ya viungo akaniambia baba hapo ndo unazidi kujiharibia, geuza kichwa. Sa hivi asubuhi kabla bodaboda hazijachachamaa natembea mpaka msikitini nageuza kichwa kulia kushoto, nasoma vibao vya maduka. Nyumbani nasimama kwenye kona ya ukuta, kiti mbele yangu, mguu mmoja mbele ya mwingine, macho wazi, halafu nafumba, mama yako yuko karibu ananicheka. Nayumba ndio, ila dada kasema huko kuyumbayumba ndo ubongo unasoma. Daladala bado siziwezi, konda anagonga bodi hujakalisha hata nusu ya tako, mwendokasi afadhali.

Kitu kimoja tu ukisikia usisubiri kunijibu wala usisubiri nikuandikie, kama kizunguzungu kimekuja na mdomo umepinda, au ulimi mzito, au mkono umelegea, naona vitu viwiliviwili, au nimeshindwa kusimama kabisa ghafla, hiyo siyo habari ya vijiwe tena, inaweza kuwa kiharusi, mwambie mdogo wako atafute gari hapohapo twende hospitali.

Hela uliyotaka kutuma tuma, ila siyo ya vidonge. Fundi wa kuchomelea anataka kuniwekea mabomba ya kushikia bafuni na chooni, na taa ya kuchaji ya koridoni inayowaka yenyewe umeme ukikatika, na viatu vyenye kisigino cha kufunga manake hizi ndala zinanichomoka na mguu wenyewe hausikii. Fimbo ninayo, naishika mkono wa kushoto kwa sababu goti bovu ni la kulia, ndo inavyotakiwa, mguu mbovu na fimbo vinaenda pamoja. Mama yako kila siku ananibishia eti nimeshika upande siyo, mpigie umwambie wewe, mimi hanisikii.

Baba yako